Mgeni Aliyeshuka Mlimani

Ashukaye mlimani huulizwa kabla hajanawa. Mmemsikia Mama Lutengano akiisema pale bombani, mkacheka, mkadhani anamsimanga mtu kwa uchafu. Sivyo. Sogeeni, wajukuu zangu, na hilo gogo lisukumeni motoni, baridi ya leo imeniingia magotini. Nitawaeleza ilikotoka, na nitaeleza polepole, kwa kuwa haikutoka kwenye furaha.

Huko juu Ukinga, wakati pikipiki zilikuwa bado za kuhesabika, alikuwepo mzee mmoja aitwaye Elikana Tweve. Elikana alikuwa na dada yake, Yuditi, aliyeolewa ng'ambo ya mlima. Mama yao alikufa Elikana akiwa bado ananyonya. Yuditi, naye mtoto tu, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Basi mwezi wa tano wa mwaka huo, masika yakiwa yamechoka lakini hayajaondoka, habari zikaletwa: Yuditi hali chakula tena, na jina analolitaja ni la mdogo wake peke yake.

Elikana miguu ilikuwa imevimba, hawezi kupanda mlima. Magari msimu huo hayakuwa yakipita, matope yalikuwa yanameza magurudumu. Ikabaki pikipiki ya mwanawe, Obadia.

Obadia alikuwa kijana mtaratibu, si wa kukurupuka. Alifungua pikipiki yote, akabadilisha breki, akakaza mnyororo, akasafisha plagi kwa msasa. Akatafuta petroli akaijaza kwenye dumu, maana huko juu hakuna pa kuipata. Mkewe, Twilumba, akachemsha viazi vya njiani na kutoa mablanketi. Ikabaki kuchagua njia. Njia zilikuwa mbili. Ya juu ilipita mgongoni mwa mlima, ukiamka mapema unafika siku hiyo hiyo. Ya bondeni ilizunguka sana, lazima ulale kwa watu.

Obadia akauliza kila aliyeijua ile njia ya juu. Dereva wa lori la viazi akasema, "Pita juu, ndugu yangu. Kiangazi nimepita mwenyewe, njia kama sakafu." Mzee Elikana akasema alibeba pareto kule ujana wake wote, hakuna jiwe asilolijua. Hakuna aliyedanganya, wajukuu zangu. Ila kila mmoja alikuwa anaeleza mlima wa siku zake.

Sasa, jioni ya kuamkia safari, akatokea mtu anashuka kutoka juu, anasukuma pikipiki isiyowaka. Matope yalimfika kiunoni, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Akaomba moto. Jina lake Mahenge, mchuuzi wa mablanketi.

Mjue desturi ya kule ilivyokuwa. Mgeni akifika unampa maji anawe, unampa moto, unampa chakula, unampa pa kulala. Humuulizi katoka wapi wala kakutana na nini. Atasema mwenyewe akishapumzika. Na mgeni naye, kama kalelewa vizuri, haingii kwa watu na shida mdomoni. Ilikuwa desturi nzuri, na watu waliionea fahari.

Obadia akamfuata baba yake jikoni, akamnong'oneza.

"Baba, huyu katoka juu. Niache nimuulize njia."

"Umuulize na mikono yake haijagusa maji?"

"Neno moja tu, baba."

"Neno moja! Mtu anatetemeka kama kondoo aliyenyolewa, wewe unataka akupe habari za njia. Watasema kwa Tweve mgeni analipia ugali kwa maneno."

Twilumba alikuwa anageuza ugali, akasema bila kuinua macho, "Lakini baba, safari yenyewe si ni ya kwako?"

"Ndiyo maana sitaki ianze kwa aibu, mkwe wangu. Akiamka atasema."

Basi Mahenge akanawa, akala ugali na njegere, na kabla hajamaliza usingizi ukamchukua palepale, tonge mkononi. Wakamfunika.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Obadia akapakia mizigo, akasimama mlangoni akimtazama yule mgeni anavyokoroma.

"Tumwamshe, baba?"

"Mgeni haamshwi. Na Yuditi hangoji."

Twilumba akamfunga mzee kwa shuka, kifua chake kwenye mgongo wa Obadia, asije akachomoka kwenye makorongo. Jirani aliyekuwa anakwenda shamba akasimama kucheka. "Mzee Tweve, leo umerudi kubebwa!" Elikana akamjibu, "Cheka tu, bwana mdogo. Na wewe omba upate wa kukubeba." Wakaondoka, wakaishika njia ya juu.

Jua lilikuwa limeshapanda Mahenge alipoamka. Twilumba akampa uji. Akauliza wenye nyumba wako wapi.

"Wamepanda. Wamepita juu, wanamuwahi mgonjwa."

Mahenge akaweka kikombe chini. "Juu? Mama, juu hakuna njia. Mlima umeporomoka kwenye kona za mianzi. Mimi pikipiki yangu imevutwa kwa kamba na wachunga kondoo, na mwenyewe nimevuka kwa kutambaa. Mbona hamkuniuliza?"

"Ulikuwa umechoka, kaka."

"Nilichoka, sikuwa bubu," akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Na mimi nilipaswa kusema. Nimelelewa hivyo hivyo."

Lakini hapakuwa na mguu wa kuikimbiza pikipiki.

Wale wakafika kwenye maporomoko mchana. Nusu ya mlima ilikuwa imelala njiani. Obadia peke yake angeweza kutambaa, lakini mzee asingeweza. Wakalala kwa wachunga kondoo, mvua inawanyeshea kupitia nyasi za paa. Kesho yake wakashuka njia yote waliyoipanda, wakaizunguka ya bondeni, wakisukuma zaidi ya kuendesha, wakalala tena kwa watu njiani. Elikana hakulalamika hata mara moja. Aliuliza tu, kila kilima, "Bado?"

Walipofika, uani palikuwa na watu wengi wamekaa chini, kimya. Udongo wa kaburi ulikuwa bado umelowa. Binti wa Yuditi akaja, akapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba. Tumemzika asubuhi hii. Mpaka jana alikuwa anasikiliza. Kila pikipiki ikilia, anasema, huyo Elikana."

Mzee hakulia. Alikaa kwenye kigoda walichompa, matope mwili mzima. Hakuna aliyemuuliza kitu, ndivyo walivyofunzwa. Wakamletea maji ya kunawa. Akayasukuma.

"Msininawishe. Niulizeni kwanza."

Wakatazamana. "Tukuulize nini, mjomba?"

"Niulizeni njia ikoje huko nilikotoka."

Mwanamume mmoja akainuka nyuma ya watu, jirani wa nyumba ile, mkewe mwenye mimba kubwa kando yake. "Mzee, mimi kesho nampeleka huyu akajifungulie kwa mama yake. Tunapita juu. Njia ikoje?"

Elikana akamweleza yote, mikono imejaa tope. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda akafungua mizigo aliyokuwa ameshaifunga kwenye pikipiki yake. Hapo ndipo mzee alipoinyoosha mikono, akamwagiwa maji, na machozi yakamtoka.

Tangu siku zile, kule juu mgeni bado anapewa moto, bado anapewa chakula. Lakini mwenye nyumba humtokea uani na maji mkononi, na kabla hajayamwaga huuliza: ndugu, huko ulikotoka kukoje? Mgeni hujibu amesimama, hata akitetemeka, wala hakuna anayeona aibu. Ashukaye mlimani huulizwa kabla hajanawa.