Bakuli la Unga la Nyani

Nina hadithi begani!

*Itue tuione!*

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakilima, Digidigi na mkewe waligombana huku mvua ya kwanza ikinyesha.

"Leo huendi kwa Nyani, Baba Sikitu!"

"Nisipokwenda, watoto watakula nini? Maneno yako?"

"Na shamba letu lisipolimwa, mwakani watakula nini?"

Digidigi alibeba jembe, akaenda.

Nyani alikuwa na shamba kubwa na ghala lililojaa, lakini jembe hakuligusa. Kila masika, wenye njaa walimlimia kutwa nzima kwa bakuli moja la unga. Digidigi alirudi jioni na unga wake, mgongo hoi. Shamba lake likaota magugu, akavuna kidogo, njaa ikarudi, naye akarudi kwa Nyani. Miaka mitatu ilikuwa hivyo hivyo.

"Tazameni yale magugu!" Nyani alicheka, amejilaza kivulini. "Umaskini wa Digidigi ni uvivu tu."

Maneno hayo yalimchoma Mama Sikitu. Mbegu ya mtama ilibaki kibuyu kimoja, na mvua haimngoji mtu.

Akaenda kwa Kanga. "Shoga, mumeo yuko wapi?"

"Kwa Nyani, analima."

Akaenda kwa mke wa Nungunungu. "Shemeji yuko wapi?"

"Kwa Nyani, analima."

Akarudi kwake. Na wa kwake je? Kwa Nyani, analima!

Jioni akawaita wote. "Tulimiane kwa zamu. Kesho kwa Kanga, kesho kutwa kwa Nungunungu, mtondo kwetu."

"Na tumbo, shemeji?" aliuliza Nungunungu. "Tumbo halijui mtondo."

"Nyumbani una nini?"

"Viazi vikuu vitatu."

"Na wewe, shoga?"

"Mlenda tu. Usinicheke."

"Mimi nina unga wa leo. Basi, tupike chungu kimoja."

Siku ya kwanza, majembe sita yaliingia kwa Kanga. Nyani akaja na bakuli moja. "Nani ananilimia?" Majembe yakaendelea kulima.

Siku ya pili akaja na mabakuli mawili. Digidigi alimeza mate, akasimamisha jembe. Mkewe akaimba:

*Jembe, zunguka, zunguka!*
*Zunguka ufike kwangu!*

Wote wakaitikia.

Siku ya tatu, kwa Digidigi, Nyani akaleta mabakuli matatu. Chungu cha jana kilikuwa kimekwanguliwa hadi ukoko. Digidigi akautazama unga, akautazama udongo wake mweusi. Akainama, akalima. Jioni, kibuyu kile cha mbegu kikawa kitupu, na mtama wote uko ardhini.

Mwaka huo nyumba zote tatu zilivuna. Nyani alivuna magugu. Masika mengine yalipoanza, ghala lake lilikuwa na buibui tu, naye akapiga hodi kwa Digidigi, bakuli mkononi.

Hadithi nimeitua, bega langu jepesi. Funzo lake ni hili: usimwite mwenye njaa mvivu kabla hujajua jembe lake linalima shamba la nani. Na wenye njaa wakilimiana, njaa hukosa pa kulala. Yaliyobaki aliyamaliza Mama Sikitu pale mlangoni:

"Karibu, Mzee Nyani, chungu kiko motoni. Ila kesho bakuli liache kwako, uje na jembe."