Pensheni ya Dobi

Mngurumo ulisikika kwanza, mzito kama wa lori lililokwama matopeni. Kisha mlango wa chumba cha kufulia nguo za hospitali ukafunguka, mvuke ukatoka. Ndani, dobi mkuu alikuwa akitoa shuka kwenye mashine. Mgongo ulikuwa umemshinda, na siku hiyo alikuwa anastaafu.

Zamani, wakala wa kampuni ya pensheni alikuja pale na maneno matamu. Mfuko wa serikali, alisema, ni mkokoteni; kampuni yetu ni ndege. Dobi akahama. Wifi yake, mpiga pasi, akagoma.

"Mwoga we, wifi!" dobi alimcheka.

"Kwa mwoga huenda kicheko," wifi akajibu huku akikunja shuka.

Sasa wakala alikuwa amerudi kumweleza dobi malipo yake ya kila mwezi. Hayakutosha hata kodi ya chumba chake, naye alikwisha kuapa kwamba hatazeekea sebuleni kwa mkwewe.

"Mbona kaka yangu bawabu, tuliyehama pamoja naye, anapata zaidi?"

"Mama, ile miaka uliyokaa nyumbani kulea, hukuchangia. Tena nyinyi wanawake mnaishi sana. Fedha lazima zigawanywe zifike mbali."

"Kumbe makosa yangu ni mawili: kuzaa, na kuchelewa kufa!"

Madobi wakaangua kicheko. Wifi hakucheka. Mfuko wa serikali ulikuwa umemhesabia miaka yake ya kulea, wala haukumuuliza ataishi hadi lini.

"Iko njia," wakala alisema kwa sauti ya chini. "Hawa wanakusikiliza. Washawishi wahamie kwetu. Kila atakayetia saini, nawe una chako. Kodi utailipa umekaa."

Dobi alimeza mate. Aliwatazama wenzake, mikono yao imekunjamana kwa sabuni kama yake. Kisha akaivaa tena aproni aliyokwisha kuivua.

"Wanangu," alisema, sauti yake ikiishinda mashine, "kesho nitarudi hapa kibarua, mgongo upende usipende. Na ninawaahidi mbele ya huyu baba: kila atakapokuja, atanikuta mlangoni nikiwaambia, usiache mbachao kwa msala upitao."