Fisi Aliyewalinganisha Nyota Wawili

Mwaka ule mvua iliwasahau wanyama. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu katikati ya vyuo viwili: Chuo cha Majabalini na Chuo cha Bondeni. Wanyama wa vyuo hivyo walikuwa watani wa jadi, hawakuwahi kukubaliana hata jua linachomozea wapi. Asubuhi maji ya bwawa yalikuwa safi. Ikifika mchana, wote walijitoma humo kwa kwato na makucha, yakawa tope.

Mzee Tembo, msimamizi wa bwawa, akakata shauri. "Msimu wa mpira unaanza wiki ijayo," alisema. "Chuo kitakachoshinda mechi ya ufunguzi kitakunywa asubuhi, msimu mzima. Kitakachoshindwa kitasubiri mchana. Mpaka siku hiyo, asubuhi asiguse mtu."

Aliyeyasikia hayo moyo ukimdunda ni Ngiri, mshambuliaji wa Bondeni. Watoto wake watatu walikuwa wakiharisha kwa kunywa tope, na yule mdogo alikuwa hawezi tena kusimama. Ngiri alifunga mabao kumi na moja msimu uliopita. Simba, nyota wa Majabalini, naye alifunga kumi na moja, ingawa katika matano kati ya hayo kipa alikimbia mwenyewe alipomwona anakuja.

Basi Fisi akapata kazi. Fisi hakuwahi kupiga hata mpira wa matambara, lakini alijiita mchambuzi, na mdomo alikuwa nao. Kila asubuhi alipanda jiwe kule Majabalini akawalinganisha nyota hao wawili, paja kwa paja, jicho kwa jicho, mkia kwa mkia. Simba akashinda kila kipengele, na mashabiki wakamletea Fisi mbavu zilizonona. Jioni aliteremka Bondeni, akalinganisha upya paja kwa paja, na safari hii akashinda Ngiri. Watu wa Bondeni hawali nyama, lakini walimwokotea mifupa yenye uboho. Hakuna chuo kilichojua anayoyasema kwingine, maana watani wale hawakutembeleana. Walikutana bwawani tu, na hapo ilikuwa kusukumana na kutukanana.

Mwingine angeshiba. Fisi, siku moja kabla ya mechi, alisimama bwawani akakohoa.

"Mzee Tembo, mechi ya nini na jua hili? Vijana wataumia bure. Mimi nimeshawalinganisha nyota. Nipe ruhusa nitangaze aliye bora, na chuo chake kinywe asubuhi."

Majabalini wakapiga makofi, kwa sababu walijua Fisi ni wao. Bondeni nao wakapiga makofi zaidi, kwa sababu hiyo hiyo.

"Mzee, mimi sijui kulinganishwa," Ngiri alisema. "Mimi naomba mpira."

"Kaa kimya wewe!" mashabiki wake wenyewe wakamzomea. "Unataka kutuharibia ushindi?"

Tembo akawatazama, akatikisa masikio. "Haya, kama ndivyo mnavyotaka. Utatangaza lini, Fisi?"

"Ulinganisho si jambo la kukurupuka, mzee. Bado kucha, bado meno. Na mchambuzi anahitaji koo laini, kwa hiyo asubuhi nitakuwa nakunywa mimi."

Zikapita siku tano. Kila asubuhi Fisi alikunywa maji safi, akaoga, akasukutua. Kila mchana vyuo viwili vilikunywa tope na kubishana juu ya kucha. Mtoto mdogo wa Ngiri akaanza kukataa hata kufumbua macho.

Ngiri alimwendea Sungura, kocha wa Bondeni, akiwa analia waziwazi. "Kocha, mwanangu anakwisha. Nifanyeje?"

"Wewe endelea na mazoezi," Sungura alimjibu. "Huyo Fisi niachie mimi."

Asubuhi iliyofuata Sungura alivuka mpaka, jambo ambalo hakuna kocha wa Bondeni aliyewahi kulifanya, akamwinamia Simba.

"Bwana mkubwa, leo jioni Fisi atakuzungumzia wewe mbele ya chuo chetu. Njoo na watu wako mjifiche kichakani. Utasikia mwenyewe."

Simba hakuuliza atasema nini. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna jambo linaloweza kusemwa juu yake lisiwe sifa.

Jioni Sungura alimwekea Fisi mfupa mbichi wa mguu, uboho ukitoka. Kwa kawaida Fisi angemnusa Simba kwa mbali, lakini jioni ile pua yake yote ilikuwa kwenye mfupa.

"Tuambie basi kuhusu Simba," Sungura akasema.

"Simba!" Fisi akacheka huku akitafuna. "Yule ni manyoya tu. Mnyoe, utabaki na paka. Na mbio hana, hukaa pale mbele akisubiri aletewe mpira kama anavyoletewa chakula na mkewe."

Kichaka kikatikisika. Simba akatoka, nyuma yake Majabalini nzima.

"Rudia," alisema.

"Bwana mkubwa... nilikuwa nawatania hawa."

"Na kwetu asubuhi?" mmoja wa Majabalini akapaza sauti. "Kwetu husema Ngiri hula amepiga magoti kwa sababu hajafundishwa kusimama!"

Bondeni wakamtazama Fisi. Majabalini wakamtazama Fisi. Kwa mara ya kwanza tangu vyuo hivyo vianzishwe, wote walikubaliana jambo, na Fisi akatimuliwa mpaka kwa Mzee Tembo huku mfupa ukiwa bado mdomoni.

Tembo hakuwa na maneno mengi. "Mechi ni kesho asubuhi. Na wewe Fisi, kuanzia kesho utakunywa baada ya wote."

Mechi ikachezwa. Mabeki watatu wa Majabalini walimganda Ngiri muda wote, maana Fisi alikuwa amewachambulia udhaifu wake kiungo kwa kiungo. Simba alisimama mbele akitengeneza manyoya, mpira ukampita mara mbili. Dakika za mwisho Ngiri aliona hapiti, akausukuma mpira pembeni. Kanga, beki wa kulia, alikuja mbio kutoka nyuma, akaupiga. Bao.

"Huyu ni nani?" Simba akafoka. "Mbona hakulinganishwa?"

"Nilikuwa mazoezini, bwana," Kanga alijibu.

Ngiri hakubaki kushangilia. Aliwapeleka watoto wake moja kwa moja bwawani, yule mdogo akiwa mgongoni, na mtoto akanywa maji safi, akafumbua macho, akanywa tena.

Nawe msomaji, siku mtu atakapokuambia nani bora kabla mpira haujawekwa katikati, usimtazame machoni. Mtazame midomo, uone kama ina mafuta.