Mguu Baada ya Salamu

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana simu zilikuwa zimeshaingia mpaka jikoni, alikuwapo mjane aitwaye Bi Mwanaidi. Wanawe watatu, Shaweji, Siwatu na Kombo, waliishi kila mmoja na mji wake, wakikutana na mama yao kwenye grupu la familia.

Siku moja Bi Mwanaidi, mgonjwa wa kisukari, alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kikavimba, kusimama akashindwa. Akaandika ujumbe kama alivyofunzwa adabu: kwanza salamu kwa kila mtoto na kila mjukuu, kisha dua, kisha mvua, kisha mahindi, kisha paka aliyezaa kabatini. Mwisho kabisa akaandika: "Mguu wangu umeharibika. Naombeni mmoja wenu aje anipeleke hospitali." Kupiga simu aliona ni kuwasumbua watu kazini.

Shaweji aliuona urefu wa ujumbe, akabonyeza kopa jekundu, akaendelea na yake. Siwatu alisoma mpaka kwenye paka; ikaingia video ya watu wanaoanguka harusini, akaifungua, ikamletea nyingine, na nyingine tena. Kombo, fundi wa njia za mkato, aliutia ujumbe kwenye programu ya kufupisha maneno. Ikamjibu: "Mama anawasalimu. Mvua ni nzuri." Naye akaandika kwenye grupu: "Mama mzima, alhamdulillahi."

Bi Mwanaidi alilisoma jibu hilo, akalisoma tena. Akajisemea kwamba Kombo anawatuliza wenzake tu, bila shaka yuko njiani. Akasubiri.

Aliyekuja ni jirani, Mama Sikujua, siku ya tatu, aliporudi kutoka msibani; kidonda kilikuwa kimeshaoza. Hospitali wakaukata mguu chini ya goti.

Watoto walifika mbio, wakalia kilio cha kweli. Daktari akasema mama hawezi tena kuishi peke yake.

"Nimewasamehe," alisema Bi Mwanaidi. "Nitahamia kwa aliyenikosea kidogo kuliko wenzake. Haya, semeni."

"Njoo kwangu, mama," alisema Shaweji. "Mimi sikusoma hata neno. Nisilolijua ningelitendaje?"

"Njoo kwangu, mama," alisema Siwatu. "Mimi nilisoma kwa macho yangu, nikamcheka hata paka wako. Nilisema nitarudi nimalizie."

"Ulirudi?"

"Nilisahau, mama."

"Njoo kwangu, mama," alisema Kombo. "Mimi peke yangu niliutaka ujumbe mzima. Mashine ndiyo iliyonidanganya."

"Nawe ukatudanganya sisi!" Siwatu alimrukia. "Usingesema mama mzima, ningerudi kusoma."

Mama Sikujua alishindwa kunyamaza. "Na wewe, shoga yangu, jambo zito namna hiyo unaliweka chini ya paka?"

"Ningeanzaje na mguu," alijibu Bi Mwanaidi, "kabla sijawajulia hali wanangu?"

Sasa nguo zake zimeshafungwa, gari liko mlangoni, na dereva anauliza waelekee wapi. Nanyi mlionisikiliza, kama kweli mlinisikiliza mpaka hapa, mjibuni: je, nani anastahili kumchukua mama?