Sufuria Chini ya Masizi

Wapendwa, vijana wetu wana neno: kujichoresha. Mtu anauliza swali ambalo hakutumwa na yeyote kuliuliza, na jibu linamwanika yeye mwenyewe.

Akina mama wa kanisa moja walikuwa na sufuria zao za shughuli, kila moja imechongwa msalaba mdogo kwa msumari kwenye kitako. Moja ikapotea. Mama mmoja alitamani sana awe mtunzaji wa vyombo hivyo, na Jumapili ya chakula cha pamoja mwenyekiti akamkabidhi ufunguo wa stoo mbele ya wote. Si angeshukuru tu akaketi?

Hakuketi. Jicho lake lilikuwa kwa mjane aliyekaa karibu na mlango, amepakata sufuria iliyofungwa kitenge. Mbona anaipakata? Mbona haiweki mezani kama wenzake?

"Mama, hiyo sufuria umeitoa wapi?"

"Nyumbani kwangu, dada. Meza imejaa."

"Na kabla ya kufika nyumbani kwako ilikuwa wapi?"

"He! Kumbe leo nimekuja kituo cha polisi!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akamnong'oneza, "Ufunguo si umeshaupata? Achana na hayo."

"Kwani wewe unamficha nani?"

Chakula kilipokwisha, yule mama akaipindua sufuria ya mjane, akakwangua masizi kwa kijiko. Hapakuwa na msalaba. Palikuwa na herufi mbili za jina la marehemu mume wa mjane.

Mjane akanyoosha mkono. "Nipe hicho kijiko."

Akaenda mezani, akaipindua sufuria ambayo yule mama alileta nayo pilau, akakwangua taratibu. Msalaba ukatokea. Yule mama aliiazima kwa sherehe ya kumuaga binti yake alipoolewa, ikakaa jikoni kwake mpaka akasahau kwamba si yake.

"Sasa dada, na wewe umeitoa wapi?"

Hakuna aliyemwomba ufunguo. Aliuweka mezani mwenyewe.

Ndugu zangu, kuna aliyemshtaki mama yule? Swali lake ndilo lililokwenda kumleta. Nasi tuko hivyo: tunauliza fulani kapata wapi gari, fulani kachelewa wapi, binti wa fulani mbona kanenepa. Hatuulizi ili tujue. Tunauliza ili mwenzetu ajulikane.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujamuuliza mtu lolote, ingia jikoni kwako. Chukua kijiko. Kwangua.