Pafu Halina Dobi

"Pafu halina dobi." Asubuhi mmemsikia Bi Mgeni akimwambia hivyo Hemedi huyu hapa, aliyekuwa amesimamisha pikipiki nyuma ya lori linalotoa moshi akisubiri abiria, nanyi mkacheka. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Pale kwenye taa za barabarani, palipo na duka la simu sasa, palikuwa na kibanda cha dobi mmoja, Mwinyikondo. Kanzu ikitoka kwake unaogopa kuketi nayo. Hata waliomsema vibaya walimpelekea nguo.

Enzi zile dobi hakuwa na chupa ya kunyunyizia. Alijaza funda la maji, akapuliza nguo kwa mdomo, maji yakatua kama ukungu, ndipo akapitisha pasi ya mkaa. Kwa kupuliza, Mwinyikondo hakuwa na mpinzani.

Kisha barabara ikapanuliwa, malori yakaja. Taa ikiwa nyekundu yalisimama mbele ya kibanda, injini zinanguruma, moshi unaingia ndani bila hodi. Kila asubuhi Mwinyikondo alifuta kamba ya kuanikia, kitambaa kikatoka cheusi, akakisuuza, akaanika. Kukohoa alikohoa, lakini mjini nani hakohoi?

Nguo nyeupe zikaanza kutoka na vidoa vyeusi. Wateja wakanuna. Mwinyikondo akamgeukia jirani yake, Mama Zuhura, muuza chapati.

"Jiko lako linaniharibia kazi."

"Jiko langu? Na hiyo pasi yako unaiwasha kwa maziwa?"

"Mkaa wangu umefungiwa ndani ya pasi, mama. Wako unazurura."

Akamshtaki kwa mjumbe wa mtaa. Mjumbe alikuwa na kanzu mbili kwa dobi, kesi ikaisha haraka. Mama Zuhura akahamishwa nyuma ya soko, ambako hapiti mtu mwenye njaa.

Vidoa havikuisha.

Siku moja Mama Zuhura akaja kuchukua kanzu ya ndoa ya mwanawe. Kugombana ni kugombana, lakini dobi mzuri alikuwa huyo huyo. Mwinyikondo akaitandaza kanzu mezani.

"Ikague kabla sijapiga pasi, usije ukanisema."

Mama Zuhura akaikagua mpaka kwenye pindo. "Safi."

Mwinyikondo akajaza funda, akapuliza. Kifuani mwa kanzu pakatokea vidoa vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha. Wote wawili wakavitazama. Mama Zuhura akafungua leso yake nyeupe, akamwekea mbele.

"Puliza na hapa."

Akapuliza. Leso nayo ikapata vidoa.

"Mama Zuhura, jiko lako si liko nyuma ya soko?"

"Ulikolipeleka, ndiko liliko."

Nje taa ilikuwa nyekundu. Lori lilikuwa limesimama, linatoa moshi. Mwinyikondo akalitazama mpaka likaondoka, na jingine likashika nafasi yake.

Hospitalini daktari akamwonyesha picha ya kifua. Mwinyikondo akaiinua kwenye mwanga, kama anavyokagua shati.

"Doa hili linatolewa na nini, daktari? Ndimu?"

Daktari akaandika alazwe.

Alipolala kitandani, aliyempelekea uji ni Mama Zuhura. Mwinyikondo akamwomba radhi.

"Rudi mahali pako pale barabarani, dada yangu. Mjumbe nitamwambia mwenyewe."

"Nirudi nikavute nini?" akajibu Mama Zuhura, akampulizia uji upoe.

Mwinyikondo akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Kilipotulia akasema, "Nimefua nguo za mji mzima. Pafu tu ndilo halina dobi."

Hakuifikia masika. Tulipombeba kwenda makaburini, taa ikatuzuia pale pale mbele ya kibanda chake, nyuma ya lori. Tukaziba pua wote isipokuwa yeye.

Kwa hiyo Hemedi, hilo shati lako mama yako atalifua jioni, litang'aa. Pikipiki isogeze mbali na malori. Pafu halina dobi.