Kunde Zilizovuka Mto

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia na muhogo mdomoni? Meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana nasi, palikuwa na mjane, Bi Mashavu. Shamba alikuwa nalo, mbegu hana. Wadudu walizila zote ghalani, na mawingu ya masika yamekwisha kutanda.

Akaja Korongo, ndege mgeni, kapu shingoni. Akampa kibaba cha kunde.

"Napima kuaminiana," akasema. "Ukizipanda, zako. Ukimpelekea jirani wa ng'ambo ya mto, nitaziongeza ziwe vibaba vitatu. Naye atakurudishia apendavyo. Ila msionane, msisemezane."

"Jirani yupi?"

"Nungunungu."

"Yule mwizi wa mashamba! Si nimpe na jembe kabisa?"

Lakini kibaba kimoja kingetosha pembe tu ya shamba. Akawaza, akawazua, akazimwaga zote kapuni. "Haya, mpelekee."

Akakaa kizingitini akiimba:

Kunde zangu, mtarudi?
Kunde zangu, mtarudi?
Kunde zangu, mtarudi, au mmeshaliwa?

Jua halijatua, Korongo huyo, anatweta, kabeba chungu cha moto. Bi Mashavu akafunua. Kunde! Zimeungwa kwa karanga, zinanukia, zimejaa pomoni.

"Hakurudisha hata punje," akasema Korongo.

"Na hizi?"

"Hazioti."

"Mbona ni nyingi kuliko ulizompa?"

"Hilo ndilo linalonichanganya. Kakuamini? Hakukuamini? Kakudhihaki?"

Bi Mashavu naye hakujua. Akala akilia, akalia akila. Kisha akajitwika chungu, akavuka mto, masharti ya Korongo akayaacha ukingoni.

"Karibu, mama," akasema Nungunungu. "Mbona machozi? Chumvi imezidi?"

"Nilitaka mbegu, wewe! Mbegu!"

Miiba ikamlala mgongoni. "Mbegu? Mimi nimeletewa chakula na jirani asiyewahi hata kunisalimu. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, wala hakirudi na kibichi. Kibichi ni kumwambia, chukua chako, usije tena. Basi nikapika. Nikaona aibu chungu kisijae, nikatia na mbegu zangu."

"Zako zote?"

"Zote."

Wakatazamana. Mvua ikaanza. Huku hakuna punje, kule hakuna punje.

"Kimebaki nusu," akasema Bi Mashavu. "Tule kwanza, baba."

Wakala. Nungunungu akaenda porini kufukua viazi vikuu, akavikata vipande, wakavipanda pamoja topeni, katika shamba lile lile alilozoea kuliibia.

Korongo akachora mstari mchangani: huku wanaoaminiana, huku wasioaminiana. Akanyanyua mguu awapangie upande. Auweke wapi? Akafikiri. Akafikiri. Akafikiri. Hata leo ukimkuta majini kasimama kwa mguu mmoja, usimsumbue. Bado hajajua.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mkiniuliza mimi angeuweka wapi, wajukuu zangu, sijui.